Ukakamavu si usugu

Juzi, chini ya mwembe hapa Tabora mjini, jirani yangu alikuwa akimtia moyo mpwa wake. Binti amemaliza kidato cha sita, anasubiri kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na ameanza mazoezi mapema: kila alfajiri mbio hadi Kwihara na kurudi, na raba za mtumba. Sasa ni wiki ya tatu, ugoko unamuuma hata akilala. "Usijali mama, huo ndio ukakamavu unaingia," mjomba akamwambia. Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno.

Ukakamavu ni uwezo wa mwili kufanya kazi nzito leo, na kesho ukaweza tena. Basi.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Limetokana na kakamaa, kama ulegevu ulivyotokana na legea. Na kukakamaa ni kukauka, kuwa ngumu: ngozi iliyoanikwa juani hukakamaa, maiti hukakamaa. Mtu akiitwa mkakamavu, maana yake anajikaza na hakubali kushindwa. Anaweza kuwa shujaa au mbishi, inategemea anayemsema ni nani. Makambini neno likawa sifa ya kuruta mzuri, lakini ule ukavu haukulitoka. Ndiyo maana watu wanadhani mwili hujengwa kwa kukaushwa.

Wanachokifikiria hasa ni usugu. Mpini wa jembe huotesha sugu kiganjani, basi wanadhani na ugoko ukigongwa sana utaota sugu. (Hata kiganja, ukikilazimisha siku ya kwanza, unapata malengelenge.) Lakini mfupa uliozidishiwa kazi huanza kwa kulika: chembe za kubomoa hutangulia, za kujenga huja nyuma kwa wiki kadhaa. Ukiendelea kuugonga katika kipindi hicho, unaweka ufa mwembamba kama unywele. Hili si jambo geni. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba nyayo kwa kutembea kwata ndefu, miaka 40 kabla ya eksirei kugunduliwa. Picha zilipokuja ndipo ikajulikana kuwa ni mifupa. Na mpaka leo, picha ikipigwa siku za mwanzo huenda isionyeshe kitu.

Halafu kuna hofu kwamba ukipunguza mbio utalegea. Marekani walipopunguza umbali wa kukimbia kwa kuruta wao wa Marine, mifupa yenye ufa ilipungua sana, na mbio zao za maili 3 hazikuharibika kiasi cha kujali. Pumzi haikai kwenye ugoko. Moyo haujui kama umefika Kwihara kwa miguu au kwa baiskeli, na baiskeli Tabora hatujakosa. Mbio ziongezwe kidogo kidogo, usingizi na chakula visikatwe.

Kwa hiyo, jirani, binti akikwambia mapaja yote mawili yanauma, na baada ya siku mbili tatu yameacha, sema ukakamavu unaingia, sitakubishia. Lakini akikuonyesha kwa kidole kimoja, mahali pamopamoja kila siku, "hapa, mjomba", neno lake si hilo. Mpeleke hospitali, na Kwihara isubiri.