Madini ya betri na mikataba ya jeshi: vijiweni Kigoma panasemwa nini, na ukweli ni upi

Tangu Januari 2025, uliposainiwa mkataba wa kujenga SGR kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, kwenye hazina ya nikeli, habari za madini ya betri zimeingia vijiweni kuanzia Mwanga mpaka Ujiji. Na hakosi mtu wa kunong'ona: "Hayo ni ya jeshi."

Dhana: Mkataba wa jeshi ni siri, kuutaja ni kuvujisha.
Chukua mfano wa Marekani: Wizara ya Ulinzi ya huko hutangaza kila siku ya kazi mikataba yake ya kuanzia dola milioni 7.5. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa kule ikisaini mkataba mzito nje ya shughuli zake za kawaida, ina siku nne za kazi kuutangaza. Kinachofichwa ni viwango vya kiufundi, akiba ya jeshi, na mzigo utapita njia gani siku gani. Hayo hata mimi nisingependa yabandikwe stesheni.

Dhana: Kampuni ikitangaza fedha za jeshi, imeshapata soko.
Hapa ndipo watu wanapopigwa. Julai 2023, Graphite One, yenye mradi wa grafaiti, madini ya betri, huko Alaska, ilitangaza dola milioni 37.5 kutoka wizara hiyohiyo. Zilikuwa za kuharakisha upembuzi yakinifu. Hakuna hata gunia lililouzwa jeshini. Septemba, Talon Metals ikapewa milioni 20.6, za kutafuta nikeli. Kutafuta, jamani, si kuuza. Tangazo linalojigamba "tunafanya kazi na jeshi" bila kusema kama ni ruzuku, mkopo au ununuzi, mimi nalihesabu kuwa la kupandishia bei ya hisa.

Dhana: Kampuni inayonyamaza kuhusu mkataba wa jeshi ina uovu.
Si lazima. Desemba 2024 China ilipiga marufuku kuliuzia jeshi la Marekani bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, na grafaiti nyingi ya betri husafishwa China. Anayejitapa leo kwamba analiuzia jeshi hilo anaweza kukosa malighafi ya China kesho. Hofu hiyo ni ya kibiashara, na ni halali. Isivishwe tu magwanda ya usalama wa taifa.

Dhana: Betri za jeshi zina madini yake.
Oryu, nyambizi ya kijeshi ya Japani iliyoanza kazi Machi 2020, inatumia lithiamu-ioni, ukoo uleule wa betri ya simu yako.