Kinachoshika maji na mafuta ndani ya losheni

Mwezi wa saba upepo wa Dodoma haumhurumii mtu. Magoti yanapauka, visigino vinapasuka, na hapa famasi maswali ya mafuta ya kupaka yanazidi ya mafua. Juzi mama mmoja aliniwekea kopo la krimu mezani. Mwanawe wa miaka miwili ana pumu ya ngozi, na kila akipakwa analia na kujikuna. "Dada, vitu vyote vya kemikali nimeviacha."

Nilichukua chupa ya maji, nikatia alizeti kidogo, nikatikisa. Vikawa vyeupe kama maziwa. Dakika chache tu, mafuta yameshaelea juu. Losheni nayo ingekuwa hivyo bila emulsifaya. Molekuli yake ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine mafuta, basi huvizingira vitone vya mafuta visirudi kuungana.

Emulsifaya za kiwandani ziko nyingi na hazilingani kwa ukali. Gliserili stearati na polisobeti ni pole, ngozi nyingi huzipokea vizuri. Sodiamu laurili salfeti, yaani SLS, ndiyo inayotoa povu kwenye shampuu nyingi. Ikisuuzwa mara moja, wengi hawapati shida. Ikishinda mwilini hudhoofisha tabaka la juu linalozuia unyevu usipotee. Watafiti wa ngozi huipaka makusudi wanapotaka kuona ngozi ikiwashwa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitahadharisha kwamba krimu ya akwiasi, ambayo mara nyingi huwa na SLS, inaweza kumwasha mtoto mwenye pumu ya ngozi. Kopo lile lilikuwa la krimu hiyohiyo.

Kuna pia zenye jina la PEG. Hutengenezwa kwa ethilini oksaidi, na huweza kubakiwa na kemikali iitwayo dioksani, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kundi 2B: huenda husababisha saratani. Kiwanda makini huiondoa. Kwa kuwa ni masalia, si kiungo, hutaiona kwenye lebo, ndiyo maana sishauri kabisa makopo yasiyojulikana yametoka wapi.

Mtoto nilimpa mafuta ya mgando. Hayana maji, kwa hiyo hayahitaji emulsifaya; apakwe akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mama akatoa losheni yake kwenye pochi. Tukasoma lebo pamoja: gliserili stearati, setili alkoholi, ambayo licha ya jina lake haikaushi ngozi. Nikamwambia aendelee nayo.