Je, wajua kwa nini viwanja vingi vya vijiji nchini Uingereza vina jina moja?

Msafiri anayepita katika vijiji vya Uingereza hukutana mara kwa mara na uwanja wa nyasi wenye lango la nguzo mbili, kila nguzo ikiwa na bamba lililochongwa nembo ya kifalme. Uwanja huo huitwa King George's Field, na akienda kijiji kingine huenda akakuta uwanja wenye jina hilohilo. Viwanja vya namna hiyo vilivyoanzishwa England, Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini ni 471. Imekuwaje vijiji vilivyo mbalimbali kiasi hicho vikachagua jina moja?

Ukweli ni kwamba havikulichagua. Mfalme George V alifariki tarehe 20 Januari 1936, na mwezi Machi mwaka huo meya wa London, Sir Percy Vincent, akaunda kamati ya kutafuta namna ya kumkumbuka. Kamati ilikubaliana juu ya mambo mawili: sanamu katika jiji la London, ambayo ilizinduliwa mwaka 1947, na mpango wa kuwanufaisha vijana katika nchi nzima. Viwanja vya michezo vilichaguliwa kwa sababu haja yake ilikuwa wazi. Magari yalikuwa yakiongezeka katika barabara ambazo watoto walizoea kuchezea, miji ilikuwa ikitanuka, na tangu mwaka 1925 kulikuwa na chama cha kitaifa cha kutetea viwanja vya michezo. Hivyo mwezi Novemba 1936 ukaanzishwa mfuko wa kusimamia kazi hiyo.

Hapa ndipo siri ya jina ilipo. Mfuko huo ulitoa ruzuku kwa halmashauri na kamati za wenyeji waliokuwa wamepata ardhi au wakitaka kuinunua, na ruzuku hiyo ilikuja na masharti. Ardhi iwekwe chini ya udhamini ili ibaki uwanja wa michezo daima, iitwe King George's Field, na langoni pawe na mabamba au maandishi ya kumkumbuka mfalme, kwa mchoro ulioidhinishwa na wasimamizi. Katika mabamba ya kawaida, simba yuko upande wa kushoto na farasi mwenye pembe moja yuko upande wa kulia. Huko Uskoti nafasi zao hubadilishana, kwa kuwa nembo ya kifalme ya huko humtanguliza farasi huyo. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa uamuzi wa busara sana, kwa sababu hati za ardhi hukaa kabatini ambako wachache huzisoma, ilhali jina na mabamba yako hadharani, na kila apitaye huelewa kwamba uwanja huo si ardhi tupu inayongojea mnunuzi.

Vita vilivyoanza mwaka 1939 vilichelewesha kazi, na viwanja vingi vilikamilika baada ya amani kurejea. Mfuko ulivunjwa mwaka 1965 na udhamini ukakabidhiwa kwa kile chama cha mwaka 1925, ambacho leo hujulikana kama Fields in Trust.

Na mustakabali wake je? Bei ya ardhi katika vijiji vilivyo karibu na miji imepanda, na mahitaji ya nyumba ni ya kweli, wala si haki kuyabeza. Hata hivyo, anayetaka kujenga juu ya uwanja wa aina hii hupambana na masharti ya udhamini pamoja na sheria za mashirika ya hisani, mbali na kibali cha kawaida cha ujenzi. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni matunzo, kwa maana udhamini unaweza kuzuia nyumba lakini haufyeki nyasi, hauzibui mifereji wala haurekebishi paa la chumba cha kubadilishia nguo. Kazi hizo huwaangukia halmashauri ndogo za vijiji na wanakijiji wanaojitolea.

Utaratibu wenyewe haukufa. Malkia Elizabeth II alipotimiza miaka 60 ya utawala mwaka 2012, Fields in Trust iliutumia tena, na viwanja vingine vikapewa jina lake pamoja na hati ya kisheria ya kuvilinda.