Mjanja wa biashara katika tamthilia: kwa nini hatumchukii?

Kila tamthilia iliyodumu miaka ina mtu huyu. Ana duka, baa au kiwanda kidogo, ana madeni, na kila wiki ana dili jipya la kupata hela bila kutoka jasho. Tunajua anadanganya, lakini asipoonekana wiki mbili tunamuulizia. Ndugu yake wa karibu ni Abunuwasi, au Wakayima, sungura wa ngano za Waganda.

Kinachomtenga na tapeli si ukubwa wa uongo, ni nani anayeumia. Mtunzi mzoefu huchagua wa kuumizwa kwanza, ndipo atunge hila. Tuseme mjanja wetu yuko Kikuubo, mtaa wa biashara jijini Kampala. Kanunua robota la mitumba akitegemea mashati. Kulifungua, anakuta makoti mazito ya theluji. Mwenye nyumba, bahili anayepandisha kodi kila mara, anapita na kuuliza ni nini. Mjanja anashusha sauti: "Mzee, hii ni oda ya hoteli moja Kabale, kule kwenye baridi. Sikuuzii." Hilo "sikuuzii" ndilo ndoano. Mzee anabembeleza, analipa bei maradufu, halafu anagundua hakuna hoteli iliyoagiza kitu. Jumamosi makoti yanarudi dukani na kodi imepanda tena. Tunacheka kwa sababu mzee aliponzwa na tamaa yake, na mjanja naye hakubaki na kitu.

Hamishia hila hiyohiyo kwenye kibanja, yaani kipande cha ardhi, mapenzi yamekwisha. Hapa Uganda, kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni kidonda, watu wamevunjiwa nyumba kwa ajili hiyo. Akiba ya SACCO, chama cha kuweka na kukopa, na ada ya shule ziko kundi hilohilo. Mjanja akizigusa, hata mara moja, hasameheki.

Mtazamaji lazima aijue hila kabla ya anayetegwa, la sivyo naye atajiona kadanganywa. Awepo pia mtu mmoja ambaye mjanja hawezi kumdanganya: mama, binti, au karani wa siku nyingi anayemtazama tu mpaka aseme kweli. Na faida isikae mfukoni, maana akitajirika kweli hana sababu ya kuhangaika kesho.

Mike Baldwin wa Coronation Street, tamthilia ya Uingereza iliyoanza 1960, alidumu kwa namna hiyo tangu 1976 hadi 2006. Alikuwa na kiwanda cha nguo, wanawake wengi na ulimi mtamu, na kifo chake kiliwaliza watu. J.R. Ewing wa Dallas, tamthilia ya Marekani (1978–1991), yuko upande wa pili wa mpaka. Huyo alinyang'anya hata ndugu zake, watu wakafurahia kumchukia. Alipopigwa risasi mwaka 1980, washukiwa walikuwa tele.

Mhusika huyu huharibika taratibu. Hila ikirudiwa mtazamaji huona mwisho wake mapema, basi waandishi hukoleza: safari hii kachoma ghala, ijayo kaua. Wengine humwoza na kumfanya mtu mwema, akabaki baba wa nyumbani asiye na la kufanya.

Kuna na kosa la tafsiri. VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake juu ya picha, akimwita muyaye, yaani mhuni, tangu tukio la kwanza, watu wamekwisha hukumu kabla hajafungua mdomo. VJ hodari humpa sauti ya mjomba mwenye heshima zake, na neno muyaye analiweka mpaka makoti yarudi.