Umetulia, sawa, presha je? Maswali kuhusu yoga ya kupumzika

Yoga nidra ndo nini?
Ni yoga ya kulala chali, asili yake India. Hamna kupinda mgongo wala kusimama kichwa. Unalala, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu, unafumba macho alafu unapeleka akili kwenye mwili sehemu moja moja, unaanza na kidole gumba cha mkono wa kulia, cha pili, cha tatu, kiganja, kifundo, hivyo hivyo mpaka unamaliza mwili mzima. Dakika 20 hadi 45 hivi. Usisinzie, mwili ulegee ila wewe uko macho.

Inasaidia kweli?
Inasaidia, na mimi naipenda. Pumzi inashuka taratibu, mapigo ya moyo yanapungua, misuli inaachia, wengi wanalala vizuri usiku. Pia unaanza kujijua, unashtuka kumbe kutwa nzima umeuma meno na mabega umeyapandisha na hukuwa na habari.

Tangu nianze najisikia mwepesi, naweza kuacha dawa za presha?
Hapana. Tena hapana. Hili ndo linanichosha, maana kila mara anakuja mtu uso umetulia kabisa, anaongea vizuri, ukimpima presha unakuta 190/110, iko juu sana, anasema mashine mbovu, unampima mkono wa pili, ileile. Ukimuuliza dawa anasema aliacha zamani, siku hizi anafanya yoga. Jamani, presha haina uhusiano na unavyojisikia! Wengi haiwaonyeshi dalili yoyote mpaka siku ya kiharusi. Yoga inaweza kuishusha kidogo, ila kidogo hiyo haitoshi kuchukua nafasi ya dawa.

Hata kama vipimo vyangu vimekuwa vizuri?
Hata kama. Vimekuwa vizuri kwa sababu unameza dawa! Kuna dawa za presha ukizikata ghafla inapanda kwa kasi kuliko mwanzo. Anayepunguza dozi ni daktari, sio wewe, sio mwalimu wa yoga, sio jirani.

Na dawa za sonona?
Jibu ni lile lile, usiache mwenyewe. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi unapotea, alafu sonona yenyewe inarudi. Zinapunguzwa polepole na daktari.

Kifua kikibana nianze kulala nivute pumzi kwanza, si inaweza kuwa stresi tu?
Usilale! Kifua kinabana, maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, jasho linakutoka, pumzi fupi, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, nayo hospitali. Hakuna cha kusubiri uone kama itatulia, kila dakika unayosubiri moyo au ubongo unaumia.

Nani awe makini?
Mjamzito ambaye mimba imekua alalie ubavu, chali hapana. Aliyepitia ukatili au ajali mbaya, akifumba macho kumbukumbu zinaweza kumvamia, afumbue, akae, aache kwa siku hiyo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii aongee na daktari wake kabla ya kuanza.

Nimwambie daktari nafanya yoga?
Mwambie, hakuna atakayekucheka. Nenda na daftari la vipimo vyako, na dawa za siku hiyo uwe umeshameza.