Daftari la babu limeandikwa 1955? Huenda ni la 1898

Familia nyingi za waliokuwa wafanyabiashara wa mazao na ngozi Mwanza zimetunza angalau daftari moja la zamani, limeviringishwa kitambaa juu ya kabati. Likiwa la Kigujarati, wajukuu humtafuta mtu wa kuwasomea, naye huwaambia: hapa pameandikwa 1955. Wanaridhika kwamba ni la babu. Kumbe huenda ni la baba yake babu.

Wenye maduka wa Kigujarati waliandika hesabu kwa mwaka wa Vikram, kalenda ya Kihindu, ulioanza kesho yake baada ya sikukuu ya Diwali. Kwa tarehe za kuanzia hapo hadi Desemba, toa 57. Kwa miezi inayofuata, toa 56. Basi 1955 ni Novemba 1898 hadi Novemba 1899, kabla reli ya Mombasa haijafika Kisumu mwaka 1901. Na dini pekee haikuambii kalenda: Waismailia nao, Waislamu, walitumia Vikram dukani.

Hati za Waarabu na Waswahili huwa na mwaka wa Hijria. Huo una siku 354 au 355, kwa hiyo hakuna namba moja ya kutoa. Miaka 33 yake ni takriban 32 ya Miladia, kalenda yetu ya kawaida. Mwaka 1310 ulianza Julai 1892, mwaka ambao Wajerumani walianzisha kituo Mwanza.

Tarehe ikiwa imefutika, tazama fedha. Rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64 hadi 1904, zilipokuja heller 100 (ndiyo "hela" yetu ya leo). Ukurasa wenye heller si wa karne ya 19, hata familia isemeje.

Uzito hauna tabu sana: frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Ila kibaba na pishi ni vipimo vya ujazo. Usivigeuze kuwa kilo bila kujua kilichopimwa, maana kibaba cha mtama na cha karanga havilingani uzito.

Panapoharibika zaidi ni kwenye majina. Salim bin Juma anaweza kumzaa Juma bin Salim, naye akamzaa Salim bin Juma mwingine. Mwandishi wa ukoo akidhani Salim hao wawili ni mtu mmoja, vizazi viwili vinapotea. Andika majina matatu kwenda juu, pamoja na mji. Ukienda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwenye majalada ya Wajerumani tafuta "Muansa", si Mwanza. Yusufu aweza kuwa Jussuf, na Juma akawa Dschuma.

Kabla ya yote hayo, piga picha kila ukurasa, hata mtupu, na jalada lake. Usibandike selotepu palipochanika: gundi yake hugeuka njano na kuingia kwenye karatasi. Wala usilifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana kwa unyevu wa ziwani litaota ukungu. Kitambaa kile kile cha pamba, kikifuliwa na kukaushwa vizuri, kinatosha.