Nailoni siyo shildi: namna ya kuchagua kebo ya USB

Tulimalize hili leo. Ule msuko wa nailoni juu ya kebo ya USB hauzuii kelele ya umeme, yaani mawimbi ya umeme yanayovuruga data, hata kidogo. Unazuia mikwaruzo, basi. Nailoni haipitishi umeme, na kisichopitisha umeme hakiwezi kuwa shildi, yaani ngao ya metali inayozuia kelele hiyo. Lakini bado mteja mwenye printa inayokatikakatika anaambiwa achukue "ile ya kusukwa". Unene nao si kipimo, maana plastiki ni rahisi kuliko shaba, na kebo nene huenda ni plastiki nene tu. Rangi ya dhahabu kichwani huzuia kutu kwenye mguso. Haina uhusiano na shildi.

Shildi yenyewe imefichwa. Ukichuna kebo ya USB 2.0 iliyofuata viwango, unakuta kwanza wavu wa nyuzi za shaba zilizopakwa bati, unaofunika angalau asilimia 65. Chini yake kuna foili ya alumini, na waya mtupu unaogusana na upande wa foili wenye metali. Ndani ya foili ndipo zilipo nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Hizi mbili za data lazima ziwe zimesokotwa pamoja. Kebo za bei ya kutupa zina foili peke yake, au nyuzi chache zilizotawanyika, na nyaya zote nne zimelala sambamba. Foili hufanya kazi nzuri kwenye masafa (frikwensi) ya juu, ila huchanika kebo ikikunjwa kila siku. Kwa skana inayoshikwa mkononi kutwa nzima, usikubali kebo isiyo na wavu.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: shildi inaishia wapi? Inatakiwa ibane ganda la chuma la plagi kuzunguka pande zote. Watengenezaji wengi hukata wavu, wakachomelea kiwaya kimoja cha sentimita moja au mbili kwenye ganda, kisha wakafunika kwa plastiki. Kwa umeme wa kawaida kiwaya kile kinatosha. Kwa kelele ya mamia ya megahezi, kiwaya kirefu chembamba ni kizuizi, hivyo kelele inashindwa kushuka kwenye ganda na inaingia kwenye data pale pale kichwani. Wengine hawaungi kabisa. Shildi iliyoachwa hewani ncha zote mbili ni kazi bure, hata ikiwa ya shaba safi.

Chukua mita ya kupimia umeme (multimeter), weka kwenye mlio, gusa ganda la kichwa kimoja na ganda la kichwa cha pili, kebo ikiwa haijachomekwa popote. Isipolia, mrudishie muuzaji. Ikilia, soma omu: kebo ya mita mbili isizidi omu moja. Ila mita haitakuonyesha kama kilichounganisha ni wavu mzima au kiwaya kimoja. Unayenunua kebo nyingi za ofisi, pasua kichwa cha moja uone. Hasara ya kebo moja ni ndogo.

Soma pia maandishi ubavuni. "28AWG/1P 24AWG/2C" maana yake jozi moja ya data ya geji 28 na nyaya mbili za umeme za geji 24; geji ni kipimo cha unene wa waya. Namba ikipungua waya unanenepa. Kwenye kebo ya mita 5, ambayo ndiyo mwisho kwa USB 2.0, kifaa kinachovuta ampea 0.5 hupoteza takriban volti 0.4 kwa geji 24, na zaidi ya volti 1 kwa geji 28. Skana ikizimika hapo, shildi inasingiziwa. Nunua kebo fupi.

USB 3.0 ina shida ya upande wa pili: yenyewe ndiyo inayotoa kelele, na kelele hiyo hufika kwenye masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na mausi na kibodi zisizo na waya. Mausi ikikwama ukichomeka diski ya nje, sogeza kile kipokezi chake mbali kwa ekstensheni fupi ya USB 2.0, kisha badilisha kebo ya diski.

Kuhusu erthi sina jibu moja. Mafundi wa sauti hufunga shildi upande mmoja tu ili kuepuka mvumo kwenye spika, ilhali USB inataka pande zote mbili. Mimi nafuata USB. Lakini kwenye jengo lenye erthi mbovu, kompyuta na printa zikiwa kwenye soketi tofauti, mkondo unaweza kupita kwenye shildi yenyewe, na hapo kebo bora haikusaidii. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja ya umeme kwanza. Kama printa bado inakatika friji ya dukani inapowaka, bana feraiti ya kufungua (kile kipande cheusi cha sumaku kinachobanwa kwenye kebo kumeza kelele) karibu na kichwa cha upande wa printa na uizungushie kebo mara mbili. Mara moja huwa haitoshi.